Deni la Tharcisse na Mashini ya Mama Ngalula

Kwa Tata Badibanga, mwanachama wetu uliye Sandoa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana Yesu. Je, ungali muzima, wewe na mama na watoto? Kile kikohozi ulichoondoka nacho hapa kimekwisha, ao kingali kinakusumbua usiku? Sisi huku Kolwezi tunapumua kwa neema ya Mungu. Mvua imeanza, na njia yote ya kutoka soko mpaka kanisani imekuwa matope.

Ulituomba tukutumie habari za kila kikao, kwa kuwa mwana wako Mbuyi anasomea huku kwetu. Leo nakutumia hizi nzima nzima, bila kupunguza. Ukae kwenye kiti mbele ya kusoma, tata, na mama naye akae. Hakuna aliyekufa. Ninalisema mapema kwa sababu huko chini utakuta kilio.

UMOJA WA WAZAZI WA WANAFUNZI, MANIKA, KOLWEZI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SIKU YA POSHO (JUMAMOSI), TAREHE 18 NOVEMBA 1972

Mahali: chumba cha katekisimu, nyuma ya kanisa la parokia.

Waliohudhuria: Mukalay, Mwenyekiti, karani wa ofisi ya mugodi; Kyungu, Muweka Sanduku, Mumetodisti; Mama Ngalula, mushonaji wa nguo; Mbelu, Mwandishi; na wazazi wengine wa kujaza benchi mbili.

Walioalikwa: Kabeya, mwenye magazini, duka la pembeni ya soko; Mbuyi, mwanafunzi wa darasa la mwisho, anayelala kwa Mama Ngalula, mama yake mudogo.

Wasiohudhuria kwa ruhusa: Badibanga, aliye Sandoa; Mbayo, aliye zamu kwenye bwawa la Nzilo.

Wasiohudhuria bila ruhusa: ni wale wale. Wanajijua.

KUMB. NA. 1/72: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao na kumuomba Kyungu kuongoza sala. Kyungu aliombea wanafunzi, wazazi, wagonjwa, wafanyakazi wa mugodi mmoja mmoja kwa zamu zao, na wote wenye kusafiri kwa reli. Mwenyekiti alikohoa mara mbili. Kyungu aliombea pia wenye kukohoa. Mwishoni Mwenyekiti alisema kwamba siku ingine sala itaongozwa na Mukatoliki, ili kikao kipate kufanyika mchana. Kyungu alijibu kwamba kwao Wametodisti Mungu anapewa muda wake. Neno hili liliishia hapo.

KUMB. NA. 2/72: MAJINA KATIKA KUMBUKUMBU

Mwenyekiti alikumbusha wote kwamba tangu sheria ya majina ilipotoka mwaka huu, kila mutu amerudia jina la babu zake, na majina ya ubatizo hayaandikwe tena kwenye karatasi ya Umoja. Alisema kwa nguvu, na alisema mara tatu. Alisema kwamba majina yale yamekwenda, na yaliyofanywa kwa majina yale yamekwenda nayo.

Mwandishi aliuliza: ikiwa kuna deni lililoandikwa kwa jina la ubatizo, atalitajaje? Mwenyekiti alieleza kwamba ataandika «yule wa zamani». Mwandishi alijaribu. Mistari miwili ilipoisha, hakuna aliyejua tena yule wa zamani ni nani, wala mwandishi mwenyewe. Kikao kiliruhusu jina liandikwe leo tu.

KUMB. NA. 3/72: KARTI ZA MUKOPO ZA WANAFUNZI

Mwenyekiti alieleza kwamba magazini mawili hapa kwetu yanawapa wanafunzi karti. Mwanafunzi anabeba vitu leo, vinaandikwa kwenye karti, naye analipa baadaye. Inatakiwa mutu mukubwa kuweka mukono, kwamba mutoto akishindwa, yeye atalipa. Karti moja ni ya Mugreki wa njia kubwa: nyeupe, haina picha, na siku ya kulipa imeandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Karti ya pili ni ya Kabeya: nyekundu, ina picha ya chui, na chini ya chui kumeandikwa «Kamata leo, lipa ukipata».

Wazazi waliuliza kwa nini karibu wanafunzi wote wanakimbilia ile nyekundu. Mbuyi aliombwa kujibu. Alikuwa amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Alieleza:

«Ile nyeupe ya Mugreki, ukiitoa mu mufuko bantu banazani uko naenda hospitali. Ile ya chui, hata basichana banaiomba baione.»

Kyungu alisema kwamba yeye alifanya kazi kidogo kabla ya kikao. Alikwenda kwa Mugreki na kuuliza bei ya kopo la sardini, kwa feza mukononi na kwa karti. Bei ilikuwa ileile. Halafu alikwenda kwa Kabeya, kopo lileile, samaki walewale. Kwa feza mukononi lilikuwa na bei yake; kwa karti, sardini zilikuwa zimenenepa.

Kabeya alijibu bila hasira:

«Tata Kyungu, ile bei ya juu inalipa kungojea kwangu. Kungojea ni kazi. Kunachokesha.»

«Unangojea mu kivuli, na kiti yako,» Kyungu alisema.

«Hata mu kivuli kunachokesha.»

Mama mmoja wa benchi ya nyuma alisema kwamba maneno «lipa ukipata» ni mazuri kwa mutoto na ni mabaya kwa mama yake, kwa sababu mutoto hapate kamwe. Kabeya alikubali kwamba ni kweli, na kwamba kwa sababu hiyo yeye anaandikisha mama pia.

Hapo watu wote walimutazama Mama Ngalula. Mama Ngalula alitazama mikono yake. Kwenye kidole cha shahada alikuwa amefunga kitambaa.

KUMB. NA. 4/72: MASHINI YA KUSHONA YA MAMA NGALULA

Mwenyekiti alieleza kwamba mashini ya kushona ya Mama Ngalula iko katika magazini ya Kabeya tangu majuma kadhaa, nyuma ya magunia ya unga, kama rehani. Mama Ngalula amepokea vitambaa vya nguo za komunyo ya kwanza, zinazotakiwa mbele ya Noeli. Sasa anashona kwa mukono, usiku na mchana, na sindano inamutoboa. Ikiwa Noeli itafika nguo hazijaisha, atarudisha vitambaa kwa wenyewe, na mwaka kesho hakuna atakayemuletea tena. Hana kazi ingine, na mume hana. Mashini ndiyo mume wake. Maneno haya ni ya Mama Ngalula mwenyewe, aliyaambia kikao mara moja.

Kabeya aliombwa kueleza. Alisimama, akavua kofia, na akasema kwa sauti ya chini kwamba mwaka jana alimupa karti kijana anayeitwa Tharcisse. Aliandika Tharcisse tu, kama watu walivyomuita. Mama Ngalula aliweka mukono. Kijana alikamata vitu, hakulipa, halafu mambo yakawa mambo.

«Mi siko mutu mubaya,» Kabeya alisema. «Nilingojea siku za heshima zipite. Lakini deni haizikwake na mutu.»

Wengi tulizani anasema kwa mufano, juu ya jina lililokwenda. Mwenyekiti alifurahi sana. Alisema kwamba Kabeya ameeleza vizuri: Tharcisse hayuko, sheria imemuondoa, basi deni lake limeondoka naye, mashini irudi, na tupite kwenye neno lingine. Kabeya alisema kwamba anahurumia, lakini sardini zililiwa na mudomo, hazikuliwa na sheria.

Mbuyi aliulizwa kama ana neno. Alirekebisha miwani yake akasema:

«Mi njo Mbuyi wa Badibanga, na karti yangu mimi haina deni. Juu ya ule Tharcisse, muulize serikali.»

Benchi ya nyuma ilicheka. Kabeya hakucheka. Alimupiga Mbuyi begani polepole, kama mutu anayemutuliza mwenzake, akasema, «Nguvu, mwanangu.» Hapo tu ndipo mimi mwandishi nilianza kuona kwamba kuna kitu.

Tata Badibanga, naandika hapa yale tuliyoyajua baadaye kidogo, ili usipotee kama sisi. Masomo yalipoanza mwaka huu, mwana wako alikwenda kwa Kabeya kuomba karti mupya kwa jina lake la sasa, akiacha lile la ubatizo, Tharcisse. Mwaka jana Kabeya alimuona mufupi na bila miwani. Safari hii alikuja murefu, kwa viatu vya kisigino, na macho hayaonekane. Vile viatu na ile miwani vilitoka palepale, kwa karti ya Tharcisse. Kabeya aliona kama anamufanana yule wa kwanza, akauliza, «Na Tharcisse eko wapi?» Mwana wako aliinamisha kichwa akasema, «Tharcisse haiko tena, tata.» Kabeya aliuliza jina lake. Akajibu, «Mbuyi.»

Unajua mwenyewe, tata, kwenu Kasai jina hilo linamaanisha nini. Kabeya ni wa kwenu. Mbuyi hazaliwe peke yake. Akisikia Mbuyi, anawaza mapasa, watoto wawili wa mimba moja. Akiambiwa mumoja haiko, basi mumoja amekufa. Na mapasa hauulize. Kifo chao hakitajwe ovyo, wenyewe munasema kinaleta bahati mbaya. Kabeya hakuuliza neno. Alimupa karti mupya palepale, kwa huruma, bila mutu wa kuweka mukono. Halafu akaingia nyuma ya nyumba, akakamata kuku, akamutia mikononi: mchango wa kilio.

Mwana wako alikwenda na kuku.

Siku zilipopita, Kabeya alikwenda kwa Mama Ngalula. Akasema, «Mama, pole kwa yale yaliyokupata.» Mama Ngalula alizani anamusemea pole juu ya deni. Akajibu, «Ni mapenzi ya Mungu, tata.» Kabeya akabeba mashini huku anafuta macho. Mama Ngalula alituambia kwamba hajaona bado mutu wa kudai mwenye kumuhurumia mudaiwa namna ile, na kwa sababu hiyo hakukataa.

Basi narudi katika kikao. Mwenyekiti alitaka kura ipigwe kwamba deni limekufa. Kabeya alisema kwamba wakipiga kura ile, yeye atauza mashini kesho, na kwamba kuna mutu wa Likasi anayeitaka. Kyungu alisema tusali kwanza. Mwenyekiti alisema hapana. Mama Ngalula alisimama bila kuomba ruhusa, akatoka uani ambako chai ya kikao ilikuwa motoni. Mwenyekiti aliagiza iandikwe kwamba mwanachama ametoka wakati wa neno lake mwenyewe. Imeandikwa.

Tulisikia vikombe. Halafu sauti ya Mama Ngalula kutoka uani, ile ya kila siku, si ya hasira:

«Tharcisse. Kuya ukamate sinia, inaniunguza.»

Na Mbuyi akasema, «Niko nakuya, mama,» akasimama.

Aliposimama ndipo alikumbuka. Alibaki nusu amesimama nusu ameketi, mukono mumoja kwenye benchi. Kabeya naye alikuwa amesimama. Alimutazama, akautazama mlango, akamutazama tena.

«Mama Ngalula,» aliita, «umeita nani?»

«Nimeita mutoto.»

«Uko na bangapi pale kwako?»

«Moja,» Mama Ngalula alisema, akiingia na sinia mwenyewe. «Moja tu, na ananitosha mpaka hapa,» akaonyesha shingoni.

Kabeya alimuvua Mbuyi miwani kwa mikono miwili, polepole, kama anavyofungua kopo. Akamutazama sana.

Kyungu alisema kwamba Lazaro naye hakutoka kaburini mpaka alipoitwa kwa jina.

«Lazaro hakukula kuku ya kilio yake,» Kabeya alisema.

Kikao kilisimama kwa muda kwa sababu ya vicheko. Mwandishi hakuweza kuandika. Mungu anisamehe, ni chumba cha katekisimu.

Mbuyi aliruhusiwa kujitetea. Alisema kwamba hakudanganya neno hata moja: Tharcisse hayuko, ni kweli, gazeti lilisema. Mbuyi ni jina la babu yake aliyezaliwa pasa. Yeye alirithi jina tu. «Sikusema mi ni pasa. Tata hakuniuliza.» Aliulizwa kuhusu kuku. Alisema kwamba kukataa zawadi ya mutu mukubwa ni kukosa heshima.

Mama Ngalula aliuliza kitu kimoja. Aliuliza ni vitu gani vilivyo kwenye ile karti, kwa sababu yeye aliweka mukono kwa daftari na sabuni. Kabeya aliitoa mfukoni akasoma: viatu vya kisigino kirefu, miwani, sardini, na tena sardini, mafuta ya nywele, diski moja ya muziki.

«Diski?» Mama Ngalula alisema. «Kwangu hakuna hata redio.»

Mbuyi alieleza kwamba anaibeba tu chini ya kwapa, siku ya Mungu, jioni.

KUMB. NA. 5/72: MAAZIMIO

Baada ya chai ilikubaliwa hivi. Mbuyi aliandika kwenye karti nyekundu ya deni, mbele ya wote, kwamba Tharcisse na Mbuyi wa Badibanga ni mutu mumoja mwenye tumbo moja, na akatia sahihi mara mbili. Ile karti mupya ilipasuliwa. Kabeya aliomba arudishiwe kipande chenye chui. Mbuyi atabeba magunia ya Kabeya kila siku ya posho baada ya masomo, mpaka deni liishe, kwa bei ya feza mukononi, si kwa ile ya sardini zilizonenepa. Kabeya alisema kwamba hiyo ni hasara. Kyungu alimukumbusha kivuli.

Kwa wanafunzi wote, Umoja unashauri: mbele ya kupokea karti, uliza bei mara mbili, mara ya kwanza kama uko na feza, mara ya pili kama hauna; bei zikiachana, ile karti inakula pamoja nawe kwenye sahani. Karti yenye siku ya kulipa inatisha, lakini ni bora kuliko ile isiyo na siku, maana ile isiyo na siku inamufuata mama yako. Usikamate kwa karti kitu ambacho ungeficha ukikutana na mutu aliyekuwekea mukono. Na jina liandikwe zima. Mwandishi aliomba kuongeza kwamba Mungu anatuita kwa jina tulilobatizwa, na siku ya mwisho hakuna atakayejibu kwamba alibadilisha. Mwenyekiti alisema kwamba neno hilo ni la dini, si la kikao. Limeandikwa chini ya maazimio kwa kuwa nafasi ilibaki.

Kuhusu mashini, Kabeya alikubali irudi leo leo. Mwenyekiti alishauri litafutwe toroli. Mama Ngalula alisema hapana, Mbuyi ataibeba kwa kichwa, kutoka magazini, kupita katikati ya soko, mpaka nyumbani. Na avae vile viatu.

Mwenyekiti aliuliza kama hiyo ni azabu.

«Hapana, tata,» Mama Ngalula alisema. «Mi nilisimamia bile biatu bila kubiona. Leo nataka nibione bikisimama.»

KUMB. NA. 6/72: MENGINEYO

Kabeya alisema kwamba, kwa kuwa sasa imeonekana kwamba wenye majina ya zamani wangali hai, angeomba Umoja umusaidie kwa karti zingine. Ziko kadhaa, na si zote za wanafunzi. Kuna watu wazima waliomuomba ile ya chui kwa siri, na wengine wako humu humu chumbani. Benchi zililia chini ya watu.

Mwenyekiti alisema kwamba saa zimekwenda, na neno hili lihamishwe mpaka mwaka kesho, ao baadaye.

«Sawa, Tata Léonard,» Kabeya alisema, kwa heshima sana.

Mwandishi aliuliza kama neno hilo liandikwe. Mwenyekiti alisema lisiandikwe. Kyungu alisema liandikwe. Kura ilipigwa. Limeandikwa.

KUMB. NA. 7/72: KUFUNGA

Kikao kilifungwa jua likielekea kuzama, kwa sala fupi ya Kikatoliki iliyoongozwa na Mwenyekiti mwenyewe. Ilikuwa fupi sana. Wote walitoka kwenda sokoni, hata wale wasiokuwa na njia ya huko. Mbuyi alipita na mashini kichwani, matope mpaka kwenye kisigino, hakuanguka. Mama Ngalula alitembea nyuma yake akibeba diski chini ya kwapa. Wenye kuuza mihogo walisimama. Mumoja aliita «Tharcisse», ili kuona tu, na hakujibu. Lakini mashini iligeuka kidogo.

Mwenyekiti: L. Mukalay
(herufi ya kwanza imefutwa na mwenyewe; mukono ulizoea)

Mwandishi: Mbelu

Tata Badibanga, usiku huu nasikia mashini inalia kwa Mama Ngalula, tunapakana ukuta. Nguo za komunyo zitaisha, Mungu akipenda. Mwana wako yuko vizuri, anakula, miguu tu inamuuma. Usimuandikie kwa ukali; alisoma mambo haya yote juu ya bega langu na alinisahihisha herufi mbili.

Limebaki neno la kuku. Kabeya anadai kwamba alitoa jogoo mukubwa. Mbuyi anasema alikuwa mutetea, tena mwembamba. Mifupa haiko ya kushuhudia. Kikao kiliamua kwamba wewe, baba wa marehemu, ndiwe utarudisha, kwa lori la kwanza litakalotoka Sandoa. Tunaomba utujibu mbio ikiwa utatuma jogoo ao mutetea, na barua yako umuandikie Kabeya mwenyewe, uweke ndani majina yote mawili ya mutoto, asije akalia tena.